Mashine Iliyoishia Kwenye Salamu

Sehemu ya sita

Wiki hii nimesimamishwa sokoni mara kadhaa na watu wanaotaka kujua kama mashine yangu bado inaamkia wazee. Inaamkia. Tena inaamkia kuliko watoto wao. Na wewe ambaye gazeti lililopita ulifungiwa maandazi kabla hujalisoma, sogea nikupe kwa kifupi.

Naitwa Beatha, mkufunzi msaidizi katika chuo kimoja hapa Lushoto. Mimi na mwenzangu Alen tulitengeneza simu ya wakulima. Mkulima anapiga namba, mashine inamuuliza habari za shamba, anaeleza kwa mdomo wake, kisha mashine inaamua: shamba shwari, au shamba lina shida. Likiwa na shida, bwana shamba anatumiwa ujumbe aende akaangalie.

Mwanzoni wazee waliikatia. Sauti iliyorekodiwa ilikuwa ya Alen, na iliwauliza habari za shamba moja kwa moja, bila shikamoo. Wakasema hawana maneno na mtoto asiye na adabu. Ni mimi niliyetoa wazo la kuweka shikamoo, na simu zikaanza kumiminika kutoka Malindi ya huku kwetu milimani, Lukozi na Soni. Matokeo yakawa mazuri, makala ya utafiti ikaandikwa, ikabaki kuituma tu kwenye mkutano wa teknolojia wa Kigali. Niliwaacha hapo, nikijipongeza.

Nilijipongeza mapema.

Siku ya mwisho ya kupokea makala ilikuwa Jumatano. Lakini waandaaji wa mikutano hii wana utaratibu wao: siku haijaisha mpaka iishe kwa watu wa mwisho kabisa duniani, huko visiwani Pasifiki. Kwa hesabu yetu sisi ikawa Alhamisi, saa tisa alasiri.

"Hao watu wa visiwani tuwapelekee zawadi," Alen alisema Alhamisi asubuhi, akipaka jamu ya shamba la Irente kwenye mkate wake wa pili. "Bila wao tungekuwa tumeshachelewa."

"Hatujachelewa. Makala iko tayari tangu juzi."

"Ndiyo maana nakula kwa amani."

Niseme wazi kilichokuwa kinanisumbua. Dokta Dorothea, msimamizi wetu, alikuwa na nafasi moja ya masomo ya uzamili ya kumpa msaidizi wake. Sharti lilikuwa makala iliyopokelewa na mkutano huo mwaka huu, na jina langu liwe la kwanza. Makala ikiingia, nasoma. Isipoingia, mkataba wangu unaisha na muhula, narudi Malindi kupalilia viazi na mama. Viazi navipenda sana, lakini navipenda vikiwa kwenye sahani.

Tulichokuwa tunangoja ni neno la Dokta. Alikuwa amekwenda Bulwa, kwenye mashamba ya chai, kuangalia kama wachumaji wangeweza kuwa na simu kama ile ya kwetu. Makala tulishamtumia aisome. Akisema ndiyo, nabonyeza.

Simu ikaita. Nikaidaka nikidhani ni yeye. Kumbe mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Habari za kaya?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu. Baridi ya huko vipi? Lile sweta unavaa?"

"Navaa, mama."

"Na mwenzio Alen hajambo?"

"Hajambo, anakula."

"Mwache ale, kazi yenu ni ya kichwa. Huku sisi hatujambo kabisa. Ila viazi vimekufa."

Nikasimama. "Vimekufa vipi?"

"Ukungu umeingia shamba zima. Majani yamekuwa meusi, ukishika yanasagika. Nimewapigia kwenye ile simu yenu, wala si mara moja. Yule kijana wa kwenye mashine ananiamkia vizuri, namweleza yote, ananijibu asante mama. Bwana shamba sijamwona mpaka leo." Hakuwa analalamika. Alikuwa anatoa taarifa. "Nikasema labda mna kazi nyingi."

Viazi hivyo ndivyo vilivyoninunulia sare ya shule na baadaye kunilipia chuo. Nilimwambia mama nitampigia baadaye, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Alen, weka mkate chini. Tafuta namba ya mama kwenye mashine."

Akatafuta. "Hii hapa. Amepiga Jumatatu, akapiga Jumanne, na jana pia."

"Mashine imesema nini?"

Alen alitafuna polepole. "Shwari," akasema. "Shwari zote."

"Niwekee sauti yake."

Akabonyeza. Chumba kikajaa sauti ya mama yangu: "Marahaba mwanangu. Nzuri tu, sijui nyie huko. Mama yako hajambo? Mvua huku..." Ikakatika.

"Mbona imekatika?"

"Si ndivyo tulivyopanga, dada? Tunachukua kipande cha mwanzo tu cha kila simu. Ukiipa kompyuta yetu simu nzima nzima italala."

Kweli, ndivyo tulivyopanga. Tulipanga hivyo zamani, wakati watu walikuwa wanaulizwa swali na kujibu. Hatukurudi kuangalia baada ya kuweka shikamoo.

"Sauti nzima ipo?"

"Ipo kwenye diski. Sijawahi kuifungua."

"Ifungue."

Mama akarudi. Aliulizia afya ya mama yake Alen, ambaye hawajawahi kuonana. Akaeleza mvua. Akasema mchungaji amehubiri vizuri Jumapili. Akamwagiza Alen anikumbushe kuvaa sweta. Kisha, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, akasema: "Ila viazi vyangu vina ukungu, naomba mnitumie mtu kabla havijaisha."

Alen alizima.

"Fungua mwingine," nikasema.

Mwingine alikuwa Mzee Abrahamu wa Lukozi. Huyu alimwitikia Alen marahaba ndefu, akasema kwake ni kuzuri, wajukuu wanasoma, Mungu anasaidia, ila kabichi zote zimeoza katikati. Mashine ilikuwa imeandika shwari.

Akafuata bwana mmoja wa Soni, Issa, mwenye nyanya. Alhamdulillahi, salama salimini, nyumba nzima ina afya, ila kuna mdudu ambaye hajawahi kumwona tangu azaliwe. Shwari.

Tulifungua simu baada ya simu. Nzuri, ila. Salama, ila. Hatujambo kabisa, ila.

Ukweli ni kwamba nilicheka kwanza. Nilicheka mpaka Alen naye akaambukizwa, akapaliwa na chai. Hakuna mtu wa milimani atakayekurushia msiba mlangoni kabla hujakaa. Atakuambia nyumbani ni kuzuri, akuulizie wako wote, ndipo akuambie kuwa nyumba imeungua. Nimekulia humo. Mimi mwenyewe naongea hivyo. Halafu nikatengeneza mashine inayokata simu watu wakiwa bado kwenye salamu, na kabla ya hapo nikaifundisha shikamoo ili salamu ziwe ndefu zaidi.

Kicheko kikaisha, aibu ikaingia.

Na aibu yenyewe ilikuwa nene. Wanafunzi tuliowapa kazi ya kusikiliza na kupima kama mashine imepatia, tuliwapa vipande vilevile vifupi. Wao walisikia nzuri, mashine ilisikia nzuri, wakakubaliana karibu kila simu. Sisi tukaandika kwa kujiamini kwamba mashine karibu haikosei, na kwamba mashamba ya Usambara yana afya njema kabisa. Kurasa nane zenye michoro ya rangi.

Alen alifunga mlango. "Dada, nisikilize. Watu wa Kigali watajuaje?"

"Watajuaje nini?"

"Kuhusu mambo ya ila. Wao wataona namba, na namba zetu zinapendeza. Tuma hii leo, upate nafasi yako ya kusoma. Mashine tutairekebisha kesho kimyakimya. Mama tutampelekea dawa ya ukungu mimi na wewe, hata leo jioni."

Sitakuficha, msomaji. Ukurasa wa kutuma makala ulikuwa wazi mbele yangu. Nilisogeza mkono nikauweka juu ya kitufe cha kutuma, na nilifikiria Kigali, na nguo ambayo ningevaa. Nilikaa hivyo kwa muda ambao siupendi nikiukumbuka.

Kilichonitoa pale ni sauti ya mama ikijirudia kichwani: Nikasema labda mna kazi nyingi. Alipiga Jumatatu akangoja, Jumanne akangoja, jana akangoja, na bado akatutafutia udhuru. Nikajua nikiituma ile makala sitaweza kumpigia simu tena na kumuuliza habari.

"Tunaandika upya," nikasema.

"Kabla ya saa tisa?"

"Kabla ya saa tisa."

Alen aliangalia mkate wake kwa huzuni, akausukuma pembeni. "Basi niitie watu."

Cha kwanza tulimpigia bwana shamba, Heri, tukamsomea majina ya watu waliokuwa wanamngoja.

"Nyinyi si mlikuwa mnanitumia mmoja mmoja?" akauliza. "Leo mmenitumia kata nzima?"

"Anza na Malindi, Bwana Heri. Nakuomba."

"Kuna nani Malindi?"

"Kuna viazi vya mama yangu."

Akacheka, lakini nilisikia pikipiki ikiwashwa.

Cha pili nikampigia Dokta Dorothea. Kubadilisha makala siku ya mwisho bila ruhusa ya msimamizi ni kutafuta balaa. Simu iliita ikakata, nikarudia, ikakata. Safari ya tatu akapokea, na nyuma yake upepo ulikuwa unavuma kweli.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba Beatha. Mtandao huku ni wa kubahatisha, sema haraka. Habari za makala?"

"Nzuri tu, Dokta, tunamshukuru Mungu. Alen yupo, anakusalimia. Ila kuna jambo kubwa tumeligundua asubuhi hii, naomba ruhusa tubadilishe..."

Kimya. Nikatazama simu. Imekatika. Nilipiga tena, yule dada wa kampuni akaniambia ninayempigia hapatikani.

"Amekubali?" Alen aliuliza.

"Sijui amesikia mpaka wapi. Tuendelee, akipatikana nitamweleza."

Nje kulikuwa na wanafunzi wanaota jua la asubuhi wakiwa wamejifunika masweta mpaka masikioni. Nikawaingiza wote. Kila mmoja nikampa sauti za kusikiliza, safari hii nzima, kuanzia marahaba mpaka kwaheri. Baada ya muda mfupi darasa lote lilikuwa linacheka. Mmoja alimsikia bibi yake. Mwingine akanyanyua mkono: "Mwalimu, huyu mama ameshasalimia mpaka paka, bado hajafika shambani."

"Mngoje. Atafika."

Alen naye aliigeuza mashine. Badala ya kushika mwanzo wa simu, akaifundisha ivumilie salamu, ingoje mtu aseme ila, au lakini, au isipokuwa, kisha ndipo ianze kusikiliza kwa makini. Ilianza vibaya. Ilimwona mzee mmoja ana shida kwa sababu alisema hajambo ila mguu. Alen akaifundisha tena.

Mimi nikaandika. Nilifuta kurasa za majigambo, na kila nilichofuta kilinipa nafuu. Niliandika tulivyokosea na kwa nini tulikosea. Nilieleza salamu za watu wetu kwa wasomaji ambao hawajawahi kukaa kwenye jiko la Mshambaa wakingoja mwenyeji afike kwenye maneno. Niliandika kwamba zaidi ya nusu ya mashamba tuliyoyaita shwari hayakuwa shwari. Mashine mpya ilikosea mara nyingi kuliko tulivyodai ile ya zamani inakosea, na nikaliandika hilo pia, bila kulifunika. Jina la makala kwa Kiingereza lilikuwa refu, lakini kwa Kiswahili ningeliita Usimkatize Mkulima.

Alen alisoma begani kwangu. Alisoma mpaka mwisho bila kutania, na kwa Alen hilo ni jambo la kuandikwa gazetini.

"Hii ni nzuri kuliko ile," akasema.

"Unanifariji?"

"Sikufariji. Ile ilikuwa makala. Hii ni habari. Mtu akiisoma hii atamsimulia mke wake."

Nilifurahi, msomaji, nilifurahi kuliko siku tuliyopata zile namba za kupendeza. Nikaiangalia saa. Saa nane ilikuwa imepita, lakini nafasi ilikuwepo ya kutosha. Wanafunzi wakajipanga nyuma yetu kama watu wanaosubiri kukata keki. Nikaandika jina la makala, nikaweka ikisiri, nikaambatisha faili, nikabonyeza tuma.

Ukurasa ukageuka mwekundu.

"Inasema nini?" wakauliza nyuma.

Nikasoma mara mbili kabla ya kuamini. Ilisema mwandishi huyu tayari ana makala kwenye mkutano huu, na hairuhusiwi zaidi ya moja kwa mwandishi wa kwanza.

"Sijatuma chochote," nikasema. "Alen, umetuma?"

"Mimi nimetuma nini na mikono yote iko kwenye mashine?"

Nikafungua barua pepe. Ilikuwepo, imeingia tangu asubuhi, wakati sisi tunamsikiliza paka wa watu akisalimiwa. Waandaaji walikuwa wananishukuru mimi Beatha kwa makala yangu, na chini wakaandika jina la makala yenyewe. Ile ya zamani, ya kurasa nane na michoro ya rangi.

Na kwenye simu, ambayo niliizima sauti ili niandike kwa utulivu, kulikuwa na ujumbe wa Dokta Dorothea: "Simu imekatika lakini nimekupata. Nafurahi kuwa ni nzuri. Nimeituma mimi kabla sijapanda mlimani, msije mkakwama na mtandao. Hongereni sana wanangu."

Alen aliusoma, akausoma tena.

"Dada," akasema taratibu, "ulimwambia nini hasa?"

"Nilimwambia nzuri tu. Tunamshukuru Mungu. Ila..."

"Na simu ikakatikia wapi?"

Mwanafunzi mmoja nyuma alianza kucheka akajizuia.

Dokta mzima, msomi wa kutegemewa, alikuwa amefanya ilichofanya ile mashine. Wala si kosa lake. Mimi ndiye niliyepewa nafasi ya kusema haraka, nikaanza na salamu.

Alen aliufungua ukurasa, akausoma wote mpaka maandishi madogo. Habari nzuri ni kwamba makala inaweza kubadilishwa mpaka saa tisa. Ila anayeweza kuibadilisha ni yule aliyeituma, kwa neno lake la siri, na neno hilo lilikuwa kichwani mwa Dokta Dorothea, na kichwa hicho kilikuwa mahali fulani kati ya michai ya Bulwa.

Nikiiacha iliyopo, jina langu linakaa juu ya uongo. Nikiomba iondolewe, sina makala, na sina masomo.

Nikapiga. Hapatikani. Nikapiga. Hapatikani. Wanafunzi hawakuwa wanacheka tena. Mmoja alikuwa ameinamisha kichwa, nadhani anasali. Nikapiga tena, na simu ikaita. Ikaita sana. Ikapokelewa.

"Halo?" Sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu asiye na haraka.

"Halo, samahani, hiyo si simu ya Dokta Dorothea?"

"Ndiyo yenyewe. Mimi naitwa Bakari, wa hapa ofisi ya kiwanda. Ameiacha inachaji. Wewe ni nani mwenzangu?"

"Mimi Beatha, napiga kutoka Lushoto. Habari za hapo, Bwana Bakari?" Ilinitoka yenyewe. Alen alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Nzuri tu, dada. Lushoto hawajambo?"

"Hawajambo. Naomba kujua, Dokta yupo karibu? Nina shida naye ya haraka sana."

"Dokta hajambo kabisa," Bakari akasema. "Tumekunywa naye chai hapa, mama mchangamfu sana yule. Mvua zipo, chai inachumwa, tunamshukuru Mungu."

Alen alinionyesha saa, akanifanyia ishara ya kumkata mtu kauli. Nikatikisa kichwa. Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na kurasa nzima zangu mimi mwenyewe zinazosema mtu wa aina hii asikatizwe. Nikashika ukingo wa meza nikangoja, na darasa lote likangoja na mimi.

Bakari akavuta pumzi.

"Ila," akasema.